Leva Iliyosimama Katikati

Jumapili moja ya mwezi wa saba, mwaka 1991, Kasiani alikuwa amekaa uani kwake Mji Mpya, Morogoro, miguu ameitumbukiza kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Mkewe Paskalia alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Binti yao Yustina, mtoto wa miaka kumi na mmoja, alikuwa anawasomea barua kutoka Nyandira, kule Mgeta milimani, iliyoandikwa na mjomba wake Fransisko kwa niaba ya Bibi Scholastika, mama yake Paskalia. Bibi alisema kabichi zimekubali mwaka huu, kifua kinambana kidogo, na mjukuu wake aache kuchagua chakula.

"Hapo kwenye kuchagua chakula mjomba kapiga mstari mara mbili," Yustina alisema, na wazazi wake wakacheka.

Basi utulivu wa nyumba ile uliishia hapo, ndugu zangu. Nje gari lilinguruma, likanyamaza, na kijana Ahmadi akapiga hodi. Ahmadi alikuwa mfanyabiashara wa mitumba. Wakati ule wa ruksa, biashara ilipofunguliwa, vijana wengi walikuwa wameacha kusubiri ajira wakawa wanakwenda Dubai na kurudi, na huyu mambo yalikuwa yamemnyookea. Nyuma yake, mlangoni, kilionekana kigari chekundu cha milango miwili, cha chini chini, ambacho hapa mjini hakikuwa na mwenzake.

"Shikamoo fundi. Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndilo lenyewe hilo?" Kasiani aliuliza.

"Ndilo. Limeshuka bandarini juzi. Sasa nina jambo, fundi. Nimeona kwenye mkanda wa video magari ya mashindano. Dereva hahangaiki kutafuta gia kushoto na kulia. Leva inakwenda mbele na nyuma tu. Ukivuta, gia inapanda. Ukisukuma, inashuka. Ukiachia, leva inarudi yenyewe katikati. Nataka hili langu liwe hivyo. Unaweza?"

Kasiani hakuwahi kuona kitu hicho. Hakujua ndani yake kuna nini, wala hakujua mtu wa kumuuliza. Paskalia aliacha kuchambua maharage akamtazama, maana aliijua sura ya mumewe anapokwama.

"Hiyo kazi ndogo," Kasiani akajibu.

Niwaambieni ukweli kuhusu mtu huyu, msije mkamwona shetani. Hakuwa mlevi, hakuwa mwizi, na hakuwahi kumnyanyulia mkewe mkono. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na minne kwenye mashine za kukereza vyuma kiwandani, mpaka kiwanda kilipopunguza watu naye akapunguzwa. Alianza gereji na boksi moja la spana. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, na wengi wetu tunao: neno "sijui" lilikuwa halipiti kooni kwake. Ukimletea redio, anaweza. Ukimletea jokofu, anaweza. Aliogopa kwamba siku akisema sijui, watu watasema kumbe kiwanda hakikumwonea.

Akalifungua lile gari. Kwa siku nyingi alilala chini yake akiwaza, na kwa haki ya Mungu kichwa alikuwa nacho. Alikereza pipa la chuma lenye ukubwa wa kopo la maziwa, akalichonga mfereji wa kuzunguka, ili kila likigeuka kidogo liingize gia moja baada ya nyingine. Kulizungusha pipa hilo alitengeneza jino la chuma, ukubwa wa kidole gumba, lililounganishwa na leva. Jino lile ndilo lililobeba kazi yote. La kwanza lilivunjika, la pili likavunjika. La tatu alilichonga kutoka kwenye springi ya Land Rover, akalipasha moto, akalizamisha kwenye oili, na lilipopoa akaona ufa mwembamba kama unywele.

Ahmadi alikuwa anakuja kesho yake. Kasiani aliutazama ule ufa muda mrefu. Kisha akauchomelea juu juu, akapiga tupa, akapaka grisi. Yaani alilipua kazi, tusiseme vinginevyo.

Na kulikuwa na jambo jingine. Waya wa hendibreki, yaani breki ya mkono, ulipita mahali palepale alipolifunga pipa, ukawa unamzuia. Akaufungua, akasema moyoni kwamba ataurudisha akipata njia. Ile leva ya zamani nayo alikwisha ikata kwa msumeno.

Siku Ahmadi alipolichukua gari, watu walijaa gerejini. Ahmadi akaitikisa leva kama madereva wote wanavyofanya ili kujua kama gari lipo fri, yaani halina gia. Leva ilikuwa imesimama katikati, laini, inacheza. Akawasha. Gari likaruka mbele kwa kishindo na kuigonga ndoo ya maji ambayo Yustina alikuwa ameitua chini dakika hiyohiyo. Ndoo ilipondeka. Kumbe gia ilikuwemo, maana leva ya namna ile husimama katikati wakati wote, gia iwemo isiwemo, na mkono haukuambii kitu.

Watu walicheka. Ahmadi alicheka. Kasiani naye alicheka, lakini macho yake hayakutoka kwenye miguu ya mwanawe.

Wiki haikuisha, Ahmadi akarudi. "Fundi, watu wananishangaa mji mzima. Ila kuna wakati inameza. Nasukuma, nasikia tak, lakini gia haijaingia."

Kasiani alijua ni lile jino. "Ndivyo zilivyo gia za mashindano," alisema. "Hesabu kichwani. Utazoea."

"Na hendibreki je?"

"Weka jiwe. Wewe umeona gari gani mji huu lisilowekewa jiwe?"

Hapo alisema kweli, na hapo ndipo sisi wote tuna kesi. Nani kati yetu hajawahi kushuka garini kutafuta jiwe la kuweka kwenye tairi? Tumezoea mpaka tunaona jiwe ni sehemu ya gari. Pale gerejini mweka mawe alikuwa Yustina. Baba yake alimfundisha mwenyewe tangu akiwa mdogo: "Chagua jiwe bapa. Lisukume mpaka liguse tairi. Kisha lisukume tena." Na mtoto alikuwa hodari kwa kazi hiyo.

Tangu siku ile hofu ikahamia kwa Kasiani. Akisikia honi ya gari jekundu barabarani, anatoka mlangoni kutazama. Akiona watu wanakimbilia njia kuu, anasimama na spana mkononi mpaka ajue kuna nini. Mara tatu alinyanyuka aende akamwambie Ahmadi alirudishe, na mara tatu akakutana na mtu wa kumsifia: fundi, tumeona kazi yako, huko Dar hawawezi. Akageuka na kurudi.

"Baba Yustina," Paskalia alimuuliza siku moja wakila, "lile gari limepona kweli? Maana tangu ulitengeneze huli."

"Limepona," alisema. "Hata wewe ningekupakia."

Alhamisi moja aliitwa Dakawa kutengeneza pampu ya maji ya wakulima wa mpunga. Alikaa huko siku mbili, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma alilala vizuri, kwa sababu lile gari lilikuwa mbali naye. Jumamosi mchana akarudi na kukuta mlango umefungwa. Jirani yao Mwaisha alikuwa anaanika mpunga aliouchemsha.

"Wamekwenda Mgeta asubuhi," Mwaisha alisema. "Taarifa ililetwa kwamba bibi amezidiwa na kifua, ateremshwe hospitali. Hakukuwa na usafiri. Ahmadi kawa muungwana, kasema atawapeleka na kuwarudisha."

"Kwa gari lipi?" Kasiani aliuliza, ingawa alijua.

"Lilelile lake jekundu. Mama Yustina alisita kidogo, kisha akasema wewe mwenyewe ulimwambia hata yeye ungempakia."

Kasiani aliuachia mfuko wa spana pale mlangoni. Barabara ya kupanda Mgeta mnaijua: ikishaacha Mlali inapanda inajikunja, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili huoni chini. Kwenda juu gia ikimezwa, gari linasimama tu. Kurudi je?

Hakukuwa na simu ya kupiga. Hakukuwa na mtu wa kumtuma. Alikimbia hadi sokoni akampata Castory, dereva wa lori la kufuata kabichi, ndiyo kwanza anaondoka kwenda kupakia. Akapanda mbele bila kujadiliana.

Mlali walimuuliza muuza ndizi. Ndiyo, gari dogo jekundu lilipita tangu asubuhi, lilikuwa linapanda, halijarudi. Kasiani akashusha pumzi, kisha akaogopa zaidi, maana sasa kila kona iliyobaki ilikuwa kona ambayo wanaweza kuwa wanaishuka.

"Kaka, huwezi kuongeza mwendo?" alimwambia Castory.

"Mzee, lori hili limezaliwa hivi. Nikilisukuma litachemsha, tutalala hapa. Kwani kuna nini?"

Aseme nini? Alikuwa anaomba kimoyomoyo, na ombi lake lilikuwa la ajabu. Mungu wangu, gari liharibike. Injini ife, tairi zipasuke zote nne, washuke watembee kwa miguu. Fundi aliyejisifu mji mzima alikuwa anaomba kazi yake ife kabla haijaua. Kila kona waliyoikunja alitazama kwanza bondeni, ndipo akatazama mbele.

Yapata saa tisa alasiri, walipotokeza kwenye kona moja kali, akaliona. Hatua kama sitini juu yao gari jekundu lilikuwa limesimama pembeni, pua ikitazama chini, zima, halina hata mkwaruzo. Ahmadi alikuwa nje, amewapa mgongo, anamchotea bibi maji kwenye kichirizi cha mlima. Kwenye kiti cha nyuma alimwona Paskalia amemkumbatia mama yake, wakisubiri kikohozi kipite. Kasiani alicheka kwa sauti, machozi yakamtoka. Wazima. Wote wazima.

"Simama, Castory, simama hapa," alisema, akaruka chini.

Ndipo akamwona Yustina. Mtoto alikuwa amechuchumaa mbele ya tairi ya mbele, mikono miwili imeshika jiwe.

Sasa nisikilizeni, maana Kasiani peke yake, katika watu wote waliokuwa mlimani pale, ndiye aliyejua alichokuwa anakitazama. Ahmadi alikuwa amesimamisha gari kwa breki ya mguu, akasukuma leva mara mbili, akasikia tak, tak, akahesabu kwamba gia ya kwanza imeingia na gari limeshikwa. Aliachia breki taratibu, gari likatulia kwenye kijishimo cha mchanga, akaridhika, akashuka. Gia haikuwemo. Hendibreki haikuwepo. Gari lenye watu wawili lilikuwa limeshikiliwa na mchanga kidogo na jiwe la mtoto.

"Yustina, toka hapo," aliita. "Toka. Acha jiwe."

Yustina aliinua kichwa, akamwona baba yake, akafurahi. "Baba, umekuja. Nimechagua bapa," alisema. Kisha, kama alivyofundishwa, akainama kulisukuma tena.

Nyuma, bibi alikohoa kwa nguvu, gari likatikisika. Tairi ikatoka kwenye mchanga ikapanda jiwe. Jiwe likateleza. Kasiani alikuwa anakimbia kupanda, na mlima ulikuwa unamrudisha nyuma. Hakufika. Gari lilimlaza mtoto, likapita juu ya mguu wake wa kulia, likaendelea kushuka na wale wanawake wawili ndani, likampita Kasiani mkono wake ukiwa umegusa bati, likaenda kujigonga kwenye pua ya lori la Castory ambalo lilikuwa limeziba njia. Lori lile zito ndilo lililowaokoa Paskalia na mama yake. Bila hilo, kona ilikuwa wazi na bonde lilikuwa linasubiri.

Yustina hakulia mwanzoni. Alimwuliza baba yake, "Nimekosea wapi?"

Hospitalini walimkata mguu chini ya goti. Bibi Scholastika alitibiwa kifua hospitali hiyohiyo, akapona, na kila siku alisema bora angekufa yeye nyumbani kwake kuliko kusababisha safari ile. Ahmadi alikaa sakafuni kwenye korido bila kula.

"Fundi, nisamehe," alimwambia Kasiani, macho mekundu. "Nilisukuma mara mbili. Nilisikia kabisa. Labda nilikosea kuhesabu. Uliniambia nihesabu, mimi nikawa na haraka ya maji. Ni mimi."

Polisi nao walikwisha andika: uzembe wa dereva. Jambo lilikuwa limefungwa vizuri, na funguo alikuwa nazo Kasiani. Angenyamaza tu.

Siku ya tatu Fransisko akashuka kutoka Nyandira. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana haki ya kuuliza. Aliwaweka Ahmadi, Kasiani na Paskalia kwenye benchi, akasimama mbele yao na kofia mkononi.

"Huyu ni mtoto wetu," alisema taratibu. "Sikuja kugombana. Nataka kujua tu. Wewe kijana, ilikuwaje?"

"Ni mimi, mjomba," Ahmadi alisema.

Fransisko akamgeukia Kasiani. "Na wewe, shemeji, ndiwe fundi wake. Gia ilikuwa nzima?"

Neno "nzima" lilikuja mpaka kwenye midomo. Aliisikia ladha yake, maana alikuwa amelizoea. Hofu aliyokuwa nayo mlimani ilimrudia palepale, kubwa zaidi, maana sasa ilikuwa hofu ya kusikiwa na mkewe.

"Haikuwa nzima," alisema. "Jino lilikuwa na ufa. Niliuona, nikaufunika. Waya wa hendibreki niliufungua mimi. Ahmadi aliniambia gia inameza, nikamwambia ndivyo zilivyo. Shemeji, kazi ile sikuijua. Tangu siku ya kwanza aliponikuta uani, sikuijua."

Ahmadi alificha uso mikononi akalia kama mtoto. Paskalia hakulia. Alimgeukia mumewe.

"Nilikuuliza," alisema. "Tukiwa tunakula. Ukasema hata mimi ungenipakia."

Kasiani aliinuka kwenye benchi.

Alikwenda polisi kwa miguu yake kuandikisha maelezo mapya. Alifungwa miezi sita. Paskalia alimchukua Yustina wakaishi Nyandira kwa kaka yake mwaka mzima, na aliporudi hakurudi kwa sababu amesahau. Alirudi kwa sababu mtoto alimwulizia baba yake.

Kasiani alifungua tena gereji, ndogo kuliko ile. Jumamosi Yustina hukaa naye kwenye benchi, magongo yake mawili yameegemea ukuta. Jumamosi moja alikuja mgeni, mtu wa Gairo, na gari ambalo gia zake hujibadili zenyewe. "Inashtuka ikiingia gia," alisema. "Unaweza?"

Kasiani alifuta mikono kwenye tambara. Aliona macho ya binti yake.

"Hii siijui," alisema.

"Fundi mzima hujui?"

"Sijui, ndugu yangu. Nikikuambia naijua nitakudanganya."

Yule mtu alisonya, akasema fundi gani huyu, akavuka barabara na gari lake mpaka gereji ya upande wa pili. Wakasikia sauti ya fundi wa pale, kijana mchangamfu: "Hiyo kazi ndogo, mzee. Njoo Jumatatu."

Yustina akayachukua magongo yake. "Baba," alisema, "si uende ukamwambie yule fundi."

Kasiani akaliweka tambara chini, wakavuka barabara wote wawili, yeye akienda mwendo wa mwanawe.

FUNZO

Mafundi mnaosoma habari hii, na si wa magari tu, bali mnaojenga nyumba za watu, mnaovuta umeme, mnaochanganya dawa: "sijui" haijamuua mtu. Kinachoua ni "kazi ndogo" ya mtu asiyejua. Ukiuona ufa ukaufunika kwa grisi, usidhani umeuficha. Umeuacha barabarani unasubiri abiria, na hutachagua abiria huyo awe nani.

Nasi wateja tujitazame. Anayesema hajui tunamsonya, anayesema ni rahisi tunamsifia, halafu tunashangaa kwa nini mji umejaa waongo. Gari likikosa breki ya kusimamia, lirudi kwa fundi. Tusiwape watoto wetu mawe wakafanye kazi tuliyoikwepa watu wazima.

Na ukiulizwa na mwenzio mezani kama kitu kimepona, mjibu kweli. Yeye ndiye atakayekipanda.